Padre Johnson wa Ziwa Nyasa

Ndugu msomaji, ukifika Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, utaona jiwe kubwa karibu na bandari. Wajerumani waliona kuwa linafanana na ile sanamu ya Misri, simba mwenye kichwa cha mtu. Kwa hiyo waliipa bandari hiyo jina la Sphinxhafen.

Hapo Liuli pana kaburi la padre mmoja Mwingereza. Jina lake ni William Percival Johnson. Alikuwa padre wa Kanisa la Anglikana, katika misheni ya UMCA. Kwa miaka mingi nyumba yake ilikuwa meli. Soma habari zake polepole.

Aacha kazi ya heshima

Johnson alizaliwa Uingereza mwaka 1854. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Angeweza kwenda India kuwa mtumishi wa serikali, kazi yenye mshahara mzuri. Aliiacha. Mwaka 1876 alikuja Unguja pamoja na rafiki yake, Chauncy Maples. Alikuwa kijana wa miaka 22.

Mwaka huohuo alikwenda Masasi na Askofu Steere. Walifuatana na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji huko. Baadaye Johnson alikwenda kukaa kwa chifu Mataka, katika nchi ya Wayao. Leo nchi hiyo imo Msumbiji.

Mataka alikuwa akipeleka watumwa pwani. Mwaka 1881 msafara wake ulikamatwa huko, na watumwa wakaachwa huru. Watu wa Mataka walimshuku Johnson. Mali yake ikachukuliwa, naye akaondoka mikono mitupu. Lakini hakurudi kwao. Mwaka 1882 alifika Ziwa Nyasa pamoja na padre mwenzake, Charles Janson. Mwenzake huyo aliugua, akafa mwaka huohuo kando ya ziwa.

Ziwa ni barabara

Wewe unayekaa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi unalijua ziwa hili. Urefu wake ni kilomita 580 hivi. Mahali pengi milima inashuka mpaka majini. Mtu wa miguu hupanda na kushuka mchana kutwa, lakini mtumbwi hupita upesi.

Wauza watumwa walijua hivyo pia. Majahazi yao yalivusha watu kutoka Nkhotakota, ng'ambo ya magharibi, mpaka upande huu wa mashariki. Kisha watu hao walitembezwa kwa miguu mpaka Kilwa. Johnson aliona kwamba ikiwa utumwa unapita majini, basi shule nayo ipite majini.

Alikwenda Uingereza kuomba michango ya kununua meli. Meli ililetwa vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire. Penye maporomoko, wapagazi walibeba vipande hivyo kwa miguu. Vilipofika Matope, viliunganishwa. Mwaka 1885 meli ilianza kazi. Iliitwa Charles Janson, kwa kumkumbuka yule padre aliyekufa.

Lakini katika shughuli hiyo Johnson aliugua macho. Ilimbidi arudi Uingereza kutibiwa. Jicho moja lilikufa kabisa. La pili lilibaki na nuru kidogo tu. Watu wengi wangesema kwamba kazi yake imekwisha.

Johnson alirudi ziwani. Meli ilikwenda kijiji hadi kijiji. Alishuka, akatazama shule, akazungumza na walimu Waafrika, kisha akapanda tena. Mara nyingi alilala juu ya sitaha, yaani sakafu ya juu ya meli.

Ziwa lamchukua rafiki

Mwaka 1895 Maples alifanywa askofu huko Uingereza. Alikuwa akirudi Likoma kwa mashua ya tanga. Usiku wa tarehe 2 Septemba dhoruba ilipiga, mashua ikazama. Kanzu yake ndefu ilimlemea. Mabaharia Waafrika walitaka kumsaidia, lakini aliwaambia wajiokoe wao. Alikufa maji, akazikwa Nkhotakota.

Johnson alikuwa amefuatana na rafiki huyo tangu ujana. Fikiri jinsi alivyoumia. Hata hivyo hakuyaacha maji. Mwaka 1901 meli kubwa zaidi ilishushwa ziwani. Ilipewa jina la Chauncy Maples. Ndani yake mlikuwa na mahali pa kusali na pa kufundishia walimu.

Kwa macho yake mabovu, Johnson alitafsiri Biblia nzima kwa lugha ya Kinyanja. Ilitolewa mwaka 1912. Neno kwa neno, mwaka baada ya mwaka, alifika mwisho.

Mwaka 1914 vita vilianza. Hapohapo Liuli, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa ukingoni kutengenezwa. Vita vilipokwisha, Johnson alikuwa mzee, lakini aliendelea na kazi.

Alifariki Liuli mwezi wa Oktoba 1928, akiwa na umri wa miaka 74. Alikuwa amefanya kazi Afrika kwa miaka 52. Wakati huo nchi ilitawaliwa na Waingereza. Baada ya uhuru, Liuli ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa.

Ndugu msomaji, labda nawe umeanza kusoma ukubwani. Labda taa ni hafifu na macho yamechoka. Mkumbuke mzee huyu wa jicho moja. Soma ukurasa mmoja leo, na mwingine kesho.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini Johnson alitaka meli?
2. Ni mambo gani yangeweza kumkatisha tamaa?
3. Kijijini kwenu, ziwa au mto unawasaidiaje? Una hatari gani?