Leakey na Taya la Kanam

Wanafunzi wa historia hufundishwa kwamba marehemu Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka wa 1903, alikuwa bingwa wa akiolojia. Hapana shaka alikuwa. Lakini ni nadra kusimuliwa fedheha iliyompata kuhusu Kanam, karibu na Mlima Homa, kando ya Ziwa Viktoria.

Mwaka wa 1932, mfanyakazi wake, Juma Gitau (ambaye jina lake, kwa bahati mbaya, halitajwi sana madarasani), alipata hapo kipande cha taya la binadamu. Leakey akatangaza kuwa ni la kale mno. Mwanajiolojia Percy Boswell alipofunga safari kutoka Uingereza ili ajionee, Leakey alishindwa kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyoweka vilikuwa vimetoweka, ramani hakuwa amechora, na picha aliyoitegemea ikabainika kuwa ya kwingineko. Mwaka wa 1935 Boswell akamkosoa hadharani katika jarida la Nature. Taya likapoteza thamani, kwani mfupa usiojulikana ulitoka tabaka gani la ardhi hauna umri.

Olduvai, Tanganyika, mambo yalikuwa tofauti. Tarehe 17 Julai 1959, Leakey akiwa mgonjwa kambini, mkewe Mary aliona fuvu likichomoza ardhini. Matabaka ya huko yalikuwa yakichunguzwa tangu enzi za Wajerumani. Mwaka wa 1961, vipimo vya mawe ya volkano vikatoa umri wake: miaka milioni 1.75 hivi.

Leakey alifariki London mwaka wa 1972. Taya la Kanam halijarudishiwa heshima yake.