Edwin Armstrong, baba wa FM aliyeona redio za wateja wake zikigeuka vyuma chakavu

Ukipita asubuhi katika mitaa ya Bukavu, Goma ao Bunia, unasikia redio kutoka karibu kila duka: habari, matangazo ya vifo, mahubiri, muziki. Sehemu kubwa ya sauti hizo zinatufikia kwa njia ya FM, katika masafa yaliyo kati ya 88 na 108. Wachache wanajua kwamba njia hiyo ilitokana na kazi ya mtu mmoja, Mmarekani Edwin Howard Armstrong, na kwamba namba hizo mbili, 88 na 108, zilichangia kumwangusha.

Maisha yake yanagusa swali ambalo watu hubishana kila wanaponunua simu, televisheni ao taa ya sola: je, kifaa bora ndicho hushinda sokoni? Wengi huamini kwamba ndiyo. Armstrong pia aliamini hivyo, na aliweka mali yake yote juu ya imani hiyo.

Kijana wa Yonkers

Alizaliwa New York tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 1890. Baba yake aliwakilisha Marekani kampuni ya vitabu ya Chuo Kikuu cha Oxford, na mama yake alikuwa mwalimu. Akiwa bado mtoto aliugua ugonjwa wa neva uliotetemesha viungo vyake, akalazimika kukaa nyumbani bila kwenda shule kwa muda mrefu. Alipona, lakini bega lake liliendelea kushtuka hadi siku zake za mwisho. Familia ilihamia Yonkers, mji ulio juu ya mto Hudson, na huko ndiko alikosoma habari za Marconi na mawasiliano yasiyo na waya.

Chumba chake kilijaa waya na vyombo vya umeme. Mwaka 1910 alisimamisha uani mlingoti wa antena wa urefu wa karibu mita 38, akawa anaupanda mwenyewe. Kupanda minara kulibaki mapenzi yake hata alipokuwa mtu mzima mwenye jina.

Hakuwa peke yake. Miaka ile vijana wengi wa Marekani walijitengenezea redio nyumbani na kuzungumza usiku kwa usiku bila kampuni wala ofisi yoyote kuwasimamia. Huko New York walianzisha chama chao mwaka 1909, kikaitwa baadaye Radio Club of America, na Armstrong alikuja kuwa mwenyekiti wake. Sheria ya mwaka 1912 iliwasukuma vijana hao kwenye mawimbi mafupi, ambayo wakubwa waliyaona hayana faida. Mwezi wa kumi na mbili 1921, Armstrong na wenzake wa chama walijenga kituo kidogo Greenwich, jimbo la Connecticut, na ishara zake kwa mawimbi hayo hayo mafupi zikasikika hadi Scotland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mawimbi yaliyodharauliwa yalikuja kubeba redio za kimataifa ambazo wazazi wetu walizisikiliza kwa miaka mingi.

Mwanafunzi aliyeuza pikipiki

Ugunduzi wake wa kwanza aliufanya mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Columbia. Redio za wakati ule zilitumia taa ndogo ya kioo iliyobuniwa na Lee de Forest, na sauti yake ilikuwa dhaifu. Armstrong aligundua kwamba ukiirudisha sauti ndani ya taa ile ile mara nyingi, inakua hadi chumba kizima kinasikia bila kuvaa vifaa vya masikioni. Baba yake alikataa kumpa pesa za kuandikisha ugunduzi huo kabla hajamaliza masomo. Kijana akauza pikipiki yake.

Kuchelewa huko kulimgharimu. De Forest alidai baadaye kwamba ugunduzi ni wake, na kesi ilidumu zaidi ya miaka 15. Mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa de Forest ushindi, ingawa wahandisi wengi waliona majaji hawakuelewa mambo ya kiufundi. Armstrong alikwenda kwenye mkutano wa wahandisi wa redio ili arudishe medali waliyokuwa wamempa kwa kazi hiyo. Walikataa kuipokea, wakasimama na kumpigia makofi.

Katika Vita ya Kwanza ya Dunia alitumwa Paris kama afisa wa mawasiliano ya jeshi. Huko, mwaka 1918, alibuni mfumo wa kupokea mawimbi unaoitwa superheterodyne. Sehemu kubwa ya redio na televisheni zilizotengenezwa baada ya hapo zilitumia mfumo huo. Aliporudi alikuwa na cheo cha meja, na watu walimwita hivyo maisha yake yote.

Kisha utajiri ukaja. Kampuni ya Westinghouse ilimlipa dola 335,000 kwa hataza zake, yaani hati za serikali zinazompa mvumbuzi haki ya kulipwa na kila anayetumia kazi yake. Kampuni ya redio ya RCA ilimpa hisa nyingi kwa ugunduzi mwingine, na hakuna mtu binafsi aliyekuwa na hisa nyingi kuliko yeye katika kampuni hiyo. Mwaka 1923 alimwoa Marion MacInnis, aliyekuwa karani wa David Sarnoff, mkubwa wa RCA. Sarnoff mwenyewe alikuwa rafiki yake. Alifika Marekani akiwa mtoto wa wahamiaji maskini kutoka dola ya Urusi, aliuza magazeti mitaani, kisha akapanda hadi juu.

Vita na radi

Sisi wa mashariki ya Kongo, sehemu yenye radi nyingi kuliko karibu zote duniani, tunaelewa haraka tatizo alilolishughulikia. Redio ya zamani, ile ya AM, hubeba sauti kwa kubadilisha nguvu ya wimbi: linapanda na kushuka kufuatana na sauti ya mtangazaji. Lakini radi pia hubadilisha nguvu ya wimbi. Chombo nyumbani hakiwezi kutenganisha sauti ya mtu na sauti ya radi, hivyo kinatoa zote mbili, na habari inamezwa na mkwaruzo.

Wataalamu wengi waliona hakuna dawa. Armstrong alichukua njia nyingine: aliacha nguvu ya wimbi ibaki ile ile, akabadilisha masafa yake, yaani idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde. Chombo cha kupokea kiliagizwa kutojali nguvu, kifuate masafa peke yake. Kwa hiyo radi inapiga, lakini chombo hakiisikilizi. Wengine walikuwa wamejaribu FM mbele yake kwa kubana masafa, wakashindwa. Yeye aliyapanua, na hapo ndipo alipofaulu. Hataza zake zilitoka tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1933.

Sarnoff alikuwa ametamani kwa miaka mingi mtu avumbue kitu cha kuondoa mkwaruzo katika redio. Alipooneshwa FM, aliona kitu kikubwa kuliko alichotamani. RCA ilimruhusu Armstrong kufanya majaribio juu ya jengo la Empire State kuanzia mwaka 1934, na matokeo yalikuwa mazuri. Mwaka uliofuata aliombwa aondoe mitambo yake ili nafasi itumike kwa televisheni.

Sababu ilieleweka kwa hesabu ya duka. RCA ilikuwa na vituo vya AM vilivyoleta faida, iliuza redio za AM, na faida hiyo ilikuwa inalipia utafiti wa televisheni. FM ingewalazimisha wateja kununua redio mpya na vituo kujenga mitambo mipya, huku hataza zikiwa za mtu mwingine.

Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1935, Armstrong alionesha FM mbele ya wahandisi New York. Matangazo hayakutoka kwenye kituo cha kampuni yoyote kubwa. Yalitoka Yonkers, nyumbani kwa rafiki yake wa zamani, mmoja wa wale wapenda redio waliojitegemea. Wahandisi walisikia maji yakimiminwa katika bilauri na karatasi ikichanwa, mbali na hapo, kana kwamba vinafanyika chumbani mwao.

Redio zilizonyamaza

Kwa kuwa RCA haikumsaidia, alijenga mwenyewe. Aliuza sehemu ya hisa zake na kutumia zaidi ya dola 300,000 kusimamisha mnara mkubwa huko Alpine, jimbo la New Jersey. Vituo vingine vya FM vikafuata, na kampuni kama General Electric zikaanza kutengeneza redio zake na kumlipa asilimia ya mauzo. Mwaka 1940 tume ya serikali inayosimamia mawasiliano iliipa FM nafasi kati ya megahezi 42 na 50, na kazi ya biashara ikaanza rasmi mwezi wa kwanza 1941.

Mwaka huo wa 1940 RCA ilikuja na dola milioni 1, ikitaka ilipe mara moja na kuwa huru. Armstrong alikataa. Wadogo walikuwa wanamlipa kwa kila redio waliyouza, na yeye hakuona haki kumpa mkubwa bei nafuu. Wakati wa Vita ya Pili aliliachia jeshi la Marekani litumie hataza zake bila malipo.

Pigo lilikuja mwezi wa sita 1945. Tume ile iliamua kuihamisha FM kutoka masafa ya zamani na kuipeleka juu, kuanzia 88. Baadaye ilifungwa kwenye 108. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba jua lingeleta vurugu katika masafa ya chini. Armstrong na wahandisi wengine walipinga hesabu hizo, bila kusikilizwa. Sehemu ya nafasi iliyoachwa ilipewa televisheni.

Kwa uamuzi mmoja wa ofisini, mamia ya maelfu ya redio zilizokuwa majumbani zikapoteza maana. Hazikuharibika. Mwenye nayo aliiwasha kama jana, taa ikawaka, lakini vituo vilikuwa vinahama. Aliyeamini kifaa bora na kutoa pesa yake mapema ndiye aliyepata hasara. Aliyebaki na redio yake ya AM hakupoteza kitu. Ni vigumu kumlaumu mteja wa namna hiyo akiogopa kununua FM mara ya pili, na kwa miaka mingi wengi waliogopa kweli.

Mwisho wa meja

Televisheni za RCA zilitumia FM kwa sauti bila kumlipa, kwa madai kwamba kampuni ilibuni mfumo wake yenyewe. Mwaka 1948 Armstrong aliishitaki. Mawakili wa kampuni hawakuwa na haraka: yeye alihojiwa mwaka baada ya mwaka, na huku hataza zake za msingi zikaisha muda mwaka 1950. Pesa zilikwisha kwa mawakili na kwa mnara wa Alpine.

Ugomvi ukaingia ndani ya nyumba. Mwezi wa kumi na moja 1953, katika mabishano, alimpiga mke wake mkononi kwa chuma cha mekoni. Marion aliondoka, akaenda kwa dada yake. Hilo haliwezi kusamehewa kwa sababu ya kesi, na maandishi aliyomwachia mke wake yanaonesha kwamba yeye mwenyewe alilijutia. Usiku wa tarehe 31 mwezi wa kwanza 1954 alijiua, akiwa na miaka 63. Sarnoff alihudhuria mazishi.

Marion hakuacha vita. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo RCA ilikubali kulipa zaidi kidogo ya dola milioni 1, karibu kiasi kile kile ilichokuwa imetoa miaka 14 mbele. Aliendelea na kampuni moja baada ya nyingine hadi mwaka 1967, Motorola ikawa ya mwisho kushindwa. Ikakubalika kisheria kwamba FM ni kazi ya Armstrong.

Kilichobaki

Soko lilikuja kumpa haki Armstrong, lakini baada ya kaburi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wasikilizaji wa FM Marekani walizidi wale wa AM. Hata hivyo, FM ilipata maana nyingine mbali na huko. Mtambo mdogo wa FM unaweza kuhudumia mji na vijiji vya jirani kwa gharama ambayo chama cha wakaaji, parokia ao shule inaweza kuichanga. Radio Maendeleo ya Bukavu, iliyozaliwa mwaka 1993, na Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002 nchi ikiwa imegawanyika kwa vita, zilifika masikioni mwa Wakongo kwa njia hiyo.

Basi, jibu la swali letu si ndiyo moja kwa moja. FM ilikuwa bora tangu siku ya kwanza, lakini ubora huo haukutosha mbele ya kampuni yenye bidhaa ya zamani ya kuuza na ofisi yenye uwezo wa kuhamisha masafa. Ilisimama kwa sababu watu wachache waliojitegemea waliibeba hadi wakati wake ulipofika. Kila mara tunapoambiwa kwamba kifaa tulichonunua juzi hakifai tena, inafaa kuuliza kwanza kama kimeharibika, ao kama kuna mtu mahali fulani aliyehamisha masafa.