Leo Fender: Fundi redio aliyetajirika kwa kuwasikiliza wateja wenye haraka

FUNDI wa spika, amplifaya na vinanda anamjua vizuri mteja wa Ijumaa jioni. Anafika mbio, chombo kimefungwa nyuma ya pikipiki, harusi ni kesho, na anataka kazi iishe akiwa amesimama pale pale.

Awe Singe, katika mji wa Babati mkoani Manyara, au kwingineko, fundi huyo ana njia mbili rahisi za kukosea. Ya kwanza ni kuahidi saa ambayo anajua haiwezekani. Ya pili ni kukasirika na kumfukuza mteja pamoja na fedha yake.

Hali huwa ngumu zaidi baada ya mavuno. Wakulima wakishauza mahindi na mbaazi, sherehe hufuatana, na vyombo vya muziki vilivyokaa stoo mwaka mzima huletwa kwa fundi kwa wakati mmoja.

Yupo mtu aliyepitia hali hiyo hiyo katika duka dogo la ufundi, na haraka ya wateja wake ikawa mwanzo wa utajiri wake. Ni Leo Fender wa Marekani, ambaye jina lake limeandikwa kwenye magitaa ya umeme na amplifaya zinazojulikana dunia nzima.

Mtoto wa mkulima

Clarence Leonidas Fender alizaliwa Agosti 10, 1909. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa karibu na miji ya Anaheim na Fullerton, jimbo la California. Akiwa na umri wa miaka minane alipoteza jicho la kushoto kwa sababu ya uvimbe, akawekewa la bandia.

Akiwa kijana wa miaka 13 alianza kuvutiwa na redio, baada ya kupata vifaa vya umeme kutoka kwa ndugu wa familia aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari. Tangu hapo akawa anatengeneza redio nyumbani.

Hata hivyo, chuoni hakusomea ufundi. Alisoma uhasibu, akaajiriwa kutunza hesabu. Mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulipofika kwa waajiri wake, naye alipoteza kazi.

Mwaka 1938 alikopa dola 600 na kufungua duka mjini Fullerton, akaliita Fender Radio Service. Alitengeneza redio, gramafoni na amplifaya, akauza santuri, na pia akaunda vipaza sauti vya kukodisha kwenye kumbi za dansi.

Wateja wa aina mbili

Haukupita muda mrefu kabla wanamuziki wa kumbi hizo hawajaanza kumletea vyombo vyao vilivyoharibika. Hapo Fender akawa na wateja wa aina mbili walio tofauti sana.

Mwenye redio ya nyumbani anaweza kusubiri wiki nzima, na hasara yake ni kukosa taarifa ya habari. Mwanamuziki hawezi. Amplifaya isipolia usiku huo, hapandi jukwaani, na asipopanda halipwi. Haraka yake si jeuri. Anatetea mkate wake.

Fender mwenyewe hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Jambo hilo lingeweza kuwa kikwazo, lakini lilimsaidia. Kwa kuwa hakuweza kubishana na wanamuziki kuhusu kazi yao, ilimbidi awaulize: kilio kinatoka wapi, kinaanza saa ngapi ya dansi, mkono unaumia wapi.

Katika meza moja ya ufundi aliona matatizo yale yale yakirudi. Magitaa ya tumbo wazi yalipokuzwa kwa umeme yalipiga kelele zisizotakiwa. Amplifaya nazo ziliharibika kwa kubebwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine.

Gitaa la kujaribia

Karibu mwaka 1943, Fender na mwenzake Doc Kauffman walichonga gitaa la mti mzito usio na uwazi ndani. Lilikuwa chombo cha kujaribia kinasa sauti walichokuwa wakikitengeneza, na halikuwa na sura ya kuvutia.

Wanamuziki wa eneo hilo walipolisikia walianza kulikodi, na muda si mrefu wakawa wanaligombania. Kifaa cha karakana kikawa kinaingiza fedha, na Fender akajua ni bidhaa gani ina soko kabla hajaingia gharama ya kiwanda.

Mwaka 1945 wawili hao walianza kutengeneza magitaa ya kulaza na amplifaya kwa jina la K&F. Mwaka uliofuata Kauffman alijitoa kwa kuogopa madeni. Fender aliendelea, akaanzisha kampuni yenye jina lake.

Kitu kinachotengenezeka

Mwaka 1950 alitoa gitaa la umeme la mti mzito lililokuja kuitwa Telecaster mwaka 1951. Ndani yake ilionekana akili ya mtu aliyekaa miaka mingi kwenye meza ya ufundi.

Katika magitaa mengi ya wakati huo shingo iliunganishwa kwa gundi. Ikipinda au kuvunjika, kazi ilichukua siku nyingi. Fender alifunga shingo kwa skrubu nne. Ikiharibika, fundi hufungua na kuweka nyingine, na mwenye gitaa akawahi dansi.

Amplifaya zake nazo zilipangwa ili zifunguke kwa urahisi kwa nyuma. Ndani alibandika karatasi inayoonyesha kila valvu inakaa wapi, ili fundi yeyote, hata wa mji wa mbali, asipoteze muda kutafuta.

Si kwamba hakukosea. Magitaa yake ya kwanza hayakuwa na chuma ndani ya shingo, kwani mwanzoni hakuona haja yake. Shingo zikaanza kupinda, malalamiko yakaja. Aliacha ubishi, akaweka chuma, na gitaa likasimama.

Baadaye mpigaji mmoja, Bill Carson, alilalamika kuwa kona za Telecaster zinamchoma mbavuni. Malalamiko ya namna hiyo yalichangia umbo la gitaa la Stratocaster la mwaka 1954, lililokatwa kufuata mwili wa mpigaji. Gitaa hilo linatengenezwa hadi leo.

Mteja aliyeunguza amplifaya

Mteja aliyemsumbua kuliko wengi alikuwa Dick Dale, kijana aliyepiga gitaa kwa nguvu na kwa sauti ya juu katika ukumbi wa Rendezvous huko Balboa, California. Kila amplifaya aliyopewa iliungua. Kwa masimulizi ya Dale mwenyewe, ziliungua zaidi ya 40.

Fundi mwingine angesema kijana anatumia chombo vibaya, na maneno hayo yangekuwa na ukweli. Pale karakanani kila amplifaya ilifanya kazi vizuri. Kosa halikuonekana mezani.

Dale alisimulia kuwa mwishowe Fender na msaidizi wake, Freddie Tavares, walikwenda ukumbini na kusimama katikati ya watu waliokuwa wakicheza. Hapo wakaelewa kuwa miili ya umati ule ilikuwa ikimeza sauti, na mpigaji alilazimika kufungua chombo hadi mwisho ili asikike.

Jibu lilikuwa transfoma kubwa zaidi na spika zenye nguvu. Amplifaya iliyotokana na kazi hiyo, Showman, iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Gharama ya kutosema hapana

Maisha hayo yalikuwa na gharama. Fender alizoea kufanya kazi hadi usiku wa manane. Katika miaka ya 1950 aliugua maambukizi yaliyomsumbua kwa muda mrefu, akaanza kuamini kuwa siku zake si nyingi.

Januari 1965 kampuni yake iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Kwa mtu aliyeanza na mkopo wa dola 600, hiyo ilikuwa faida isiyo na mfano.

Baadaye alipona. Lakini chini ya mmiliki mpya, wanamuziki wengi walilalamika kuwa ubora umeshuka. Mwaka 1985 CBS iliiuza kampuni kwa kundi lililoongozwa na mameneja wake.

Fender hakukaa kula fedha zake. Alifanya kazi na kampuni ya Music Man, kisha mwaka 1980 akaanzisha ya G&L akiwa na rafiki yake wa siku nyingi, George Fullerton. Aliendelea kwenda karakanani hata alipokuwa akiugua ugonjwa wa kutetemeka, hadi alipofariki Machi 21, 1991, akiwa na umri wa miaka 81.

Kwa fundi wa leo

Maisha ya Fender hayafundishi kumkubalia mteja kila neno. Yanafundisha kutafuta sababu ya haraka yake. Fundi wa Singe anaweza kuanza kwa kuuliza chombo kitatumika lini na wapi, kisha akakifungua na kukijaribu mteja akiwa anaona.

Akishajua ugonjwa, ataje siku ya kweli, hata kama ni mbaya kusikia. Kama spea inatoka Arusha, aseme hivyo mapema, ili mwenye harusi atafute chombo kingine. Mteja aliyeambiwa ukweli Jumatano hukasirika kidogo. Aliyedanganywa hadi Jumamosi asubuhi hatarudi, na majirani zake watasikia.

Pili, awe na amplifaya moja nzima ya kukodisha. Inapunguza hasira dukani na kuingiza fedha wakati ya mteja ikiwa mezani.

Tatu, awe na daftari la kuandika kila kosa. Kosa likirudi mara tano kwa wateja watano, hilo ni soko. Huenda wanahitaji waya mgumu zaidi, sanduku la kubebea, au kifaa cha kuzuia umeme unaopanda na kushuka.

Mambo hayo yanamhusu pia fundi wa mashine za kusaga na wa mabomba ya kunyunyizia dawa. Mkulima ambaye bomba lake limekufa wakati wadudu wako shambani hana tofauti na mwanamuziki ambaye amplifaya yake imezimika saa moja kabla ya dansi. Naye akumbuke wajibu wake, yaani kupeleka chombo kwa fundi kabla ya msimu, wakati foleni ni fupi na hakuna anayekimbizana na saa.