Kinjikitile Ngwale na Maji Yake

Ng'ambo ya Mafia, kusini mwa Mto Rufiji, aliishi Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wazee wa huko husimulia kuwa mwaka 1904 alizama kidimbwini, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Akaanza kugawa dawa ya maji, mafuta ya nyonyo na mtama, akifundisha kuwa risasi ya Mjerumani itageuka maji.

Sisi Waislamu hilo hatulikubali: kinga ni ya Allah, na kutegemea dawa hiyo ni shirki. (Maji ya kusomewa Qur'ani ni suala jingine.) Risasi ikafuata kanuni aliyoiwekea Mola. Tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Hadi 1907 walikufa watu 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, wengi kwa njaa.

Lakini Mjerumani, aliyejua kupima pamba na baruti, hakuwa na mizani ya kilichowaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni. Sayansi yake ilieleza kwa nini walianguka. Kwa nini wa nyuma yao waliendelea kusonga mbele, wakiwa wamekwisha kuona, haikueleza.