David Lean: Maisha ya Mwelekezi na Safari ya Filamu Zake kutoka Ukumbini hadi Sebuleni

Miongoni mwa waelekezi wa filamu wa karne ya 20, ni wachache ambao majina yao yamefungamana na upana wa skrini kama Sir David Lean, Mwingereza aliyeaga dunia mwaka 1991. Mwanafunzi wa fasihi humkumbuka kwa sababu kazi zake nyingi mashuhuri zilitokana na maandishi: riwaya za Charles Dickens, Pierre Boulle, Boris Pasternak na E. M. Forster, pamoja na maisha ya T. E. Lawrence. Mtazamaji wa kawaida humkumbuka kwa jangwa, theluji na daraja. Hata hivyo, wengi wa watazamaji hao hawakupata kuziona filamu zake jinsi alivyozitunga. Walizijua kupitia runinga ndogo na kanda za VHS, ambamo sehemu kubwa ya picha ilikuwa imekatwa na sauti imefifia. Makala haya yanaeleza maisha ya Lean kwa kuzingatia jambo hilo: aliyoyatunga kwa ajili ya ukumbi mkubwa, yaliyopotea yalipoingia nyumbani, na namna yalivyorejeshwa.

Lean alizaliwa tarehe 25 Machi 1908 huko Croydon, kusini mwa London. Wazazi wake walikuwa waumini wa madhehebu ya Quaker, yale yale ambayo nchini Kenya yanajulikana kama Marafiki na ambayo yalianzisha kituo cha Kaimosi mwaka 1902. Katika nyumba hiyo sinema ilihesabiwa kuwa anasa isiyofaa, na kijana huyo alichelewa kuingia ukumbini. Zawadi ya kamera ndogo ya Kodak aliyopewa na mjomba wake ndiyo iliyomfungulia mlango wa picha. Masomoni hakung'ara. Alipomaliza shule aliwekwa katika ofisi ya uhasibu ya baba yake, kazi ambayo haikumkaa moyoni.

Mwaka 1927 aliingia katika studio za Gaumont mjini London akiwa mtumwa wa kila shughuli: kupeleka chai, kubeba vifaa na kushika kibao kinachotangaza kuanza kwa kila picha. Kutoka hapo alipanda hadi chumba cha uhariri. Huko alijifunza kukata na kuunganisha filamu za habari, kisha filamu za hadithi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 alikuwa mmoja wa wahariri wanaoheshimiwa sana nchini Uingereza. Ni yeye aliyehariri *Pygmalion* (1938), iliyotokana na tamthilia ya George Bernard Shaw. Jambo hili lina uzito mkubwa katika kuelewa maisha yake ya baadaye. Lean alikuwa mhariri kabla ya kuwa mwelekezi, na kwake kila mkato ulikuwa uamuzi wa maana. Kwa mtu wa aina hiyo, mkato uliofanywa na mkono mwingine haukuwa jambo dogo.

Mwaka 1942 alielekeza filamu ya kwanza, *In Which We Serve*, kwa kushirikiana na Noël Coward. Zilifuata *Brief Encounter* (1945), *Great Expectations* (1946) na *Oliver Twist* (1948). Zote hizi zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe, zenye picha ya umbo linalokaribia mraba. Umbo hilo ndilo lililokuja kuwa umbo la runinga, hivyo filamu hizo ziliingia nyumbani bila kukatwa pembeni.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1950. Runinga ilikuwa imeanza kuwavuta watazamaji wabaki nyumbani, nazo kampuni za filamu zikajibu kwa kutoa kile ambacho runinga haikuweza kukitoa: skrini pana na sauti inayotoka pande nyingi. Ndani ya ushindani huo Lean alielekeza *The Bridge on the River Kwai* (1957), iliyopigwa Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Filamu hiyo ilitumia ukanda wa kawaida wa milimita 35, lakini kwa lenzi maalumu iliyobana picha wakati wa kupiga na nyingine iliyoipanua wakati wa kuonyesha. Ilinyakua tuzo 7 za Oscar, mojawapo ikiwa ya mwelekezi bora.

Kilele cha kazi yake kilikuwa *Lawrence of Arabia*, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini London tarehe 10 Desemba 1962 mbele ya Malkia Elizabeth II. Ilipigwa Jordan, Uhispania na Moroko, na mpiga picha wake mkuu alikuwa Freddie Young. Safari hii Lean hakutegemea lenzi ya kubana. Alitumia mfumo wa Super Panavision 70, ambao negativu yake, yaani ukanda uliopita ndani ya kamera, ilikuwa na upana wa milimita 65. Eneo la kila picha lilikuwa zaidi ya mara tatu ya eneo la picha ya kawaida ya milimita 35. Nakala za kuonyeshwa zilikuwa za milimita 70, na nafasi iliyoongezeka ilibeba mistari ya sumaku yenye mikondo sita ya sauti. Mikondo mitano ilitoka nyuma ya skrini, na mmoja uliwazunguka watazamaji.

Ukubwa huo haukuwa pambo. Katika onyesho la kisimani, ambamo mhusika Sharif Ali anaingia kwa mara ya kwanza, mtazamaji anaona tambarare tupu inayomeremeta kwa mazigazi. Katikati ya mng'ao huo kuna nukta ndogo nyeusi. Nukta inakua polepole, inakuwa umbo, kisha inakuwa mtu juu ya ngamia. Young alitumia lenzi ndefu mno ili kuunasa mng'ao huo wa joto, na Lean akaliacha onyesho liende kwa utulivu. Taharuki yote imejengwa juu ya nukta. Ukumbini, mtazamaji huiona kabla hajajua ni kitu gani, na hofu yake huanza hapo. Vivyo hivyo, dhamira ya filamu nzima, ambayo ni udogo wa binadamu anayejiona mkubwa, inategemea uwezo wa jicho kuona mtu mdogo ndani ya nchi kubwa kwa wakati mmoja.

Filamu hiyo nayo ilipata tuzo 7 za Oscar, lakini haikudumu katika hali yake. Ilikuwa na urefu wa dakika 222 hivi. Mapema mwaka 1963 dakika zipatazo 20 ziliondolewa. Ilipotolewa upya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipunguzwa tena hadi dakika 187 hivi. Vipande vilivyokatwa vilitawanyika, na sauti ya baadhi yake ikapotea.

Lean aliendelea na *Doctor Zhivago* (1965), iliyofanikiwa mno kibiashara. Hii ilipigwa kwa milimita 35 kisha ikakuzwa hadi milimita 70 kwa ajili ya kumbi kubwa. Tofauti hiyo ni muhimu kwa anayelinganisha ubora wa nakala za nyumbani, kwani kukuza picha hakuongezi kile ambacho kamera haikukinasa. Kisha alirudi kwenye negativu ya milimita 65 katika *Ryan's Daughter* (1970), iliyopigwa Ireland. Wahakiki waliishambulia vikali wakidai kwamba kisa kidogo cha mapenzi kimevishwa joho kubwa kupita kimo chake. Mashambulizi hayo yalimuumiza, na hakutoa filamu nyingine ya kumbi za sinema kwa miaka 14.

Ni katika miaka hiyo ya kimya ambapo video ya nyumbani ilizaliwa. Mfumo wa VHS ulianza kuuzwa Japani mwaka 1976, na baada ya muda mfupi kanda zake zilienea duniani, Afrika Mashariki ikiwemo. Runinga ya wakati huo ilikuwa na uwiano wa upana na kimo wa 1.33 kwa 1, ilhali picha ya *Lawrence of Arabia* ilikuwa na uwiano wa 2.20 kwa 1. Ili kuijaza skrini hiyo, mafundi walikata kiasi cha asilimia 40 ya picha. Aidha, waliisogeza picha kushoto au kulia ili kumfuata anayezungumza. Wahusika wawili waliosimama ncha mbili za picha hawakuweza kuonekana pamoja, na fundi alilazimika kuruka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kila mruko wa aina hiyo ulikuwa mkato mpya ambao Lean hakuufanya. Mhariri huyo alihaririwa upya na watu asiowajua, na majina yao hayakuandikwa popote.

Palipobaki picha, ubora wake ulikuwa hafifu. Kanda ya VHS huweza kutofautisha takriban mistari 240 tu katika upana wa picha. Nukta ya kisimani haikuwa na mahali pa kukaa. Ilimezwa na chengachenga za kanda, na mtazamaji akabaki akitazama mchanga mtupu kwa muda mrefu asijue anasubiri nini. Mikondo sita ya sauti ilibanwa ikatoka katika spika moja. Katika nchi zilizofuata mfumo wa PAL, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, kulikuwa na athari nyingine. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini mfumo huo huonyesha 25. Kwa hiyo filamu ya dakika 227 humalizika kwa dakika 218 hivi, na sauti za waigizaji na ala hupanda kidogo. Si ajabu basi kwamba wengi waliokutana na kazi ya Lean kwa njia hii waliiona kuwa ndefu, tupu na yenye kuchosha. Waliihukumu kazi kwa nakala yake.

Lean alirejea mwaka 1984 kwa *A Passage to India*, na mwaka huo huo akatunukiwa hadhi ya Sir. Muda mfupi baadaye mtaalamu wa Marekani, Robert Harris, alianza kuikusanya upya *Lawrence of Arabia* kutoka katika mabaki yaliyotawanyika. Mahali ambapo sauti ilikuwa imepotea, waigizaji wakiwemo Peter O'Toole, Alec Guinness na Anthony Quinn waliitwa kurekodi maneno yao upya, zaidi ya robo karne baada ya kuyatamka mara ya kwanza. Jack Hawkins alikuwa amefariki mwaka 1973, hivyo Charles Gray alimsemea. Lean, akiwa na umri wa miaka 80, alishiriki pamoja na mhariri wake wa zamani, Anne Coates, na akatumia nafasi hiyo kupunguza maonyesho machache kwa hiari yake mwenyewe. Toleo hilo lilizinduliwa mwaka 1989. Pamoja na muziki wa utangulizi, wa mapumziko na wa kufungia, lina dakika 227. Lilipoingizwa katika diski za leza, lilihifadhi umbo lake pana, likiwa na mistari myeusi juu na chini ya picha. Kwa wengi mistari hiyo ilionekana kama upungufu, kumbe ilikuwa ishara kwamba hakuna kilichokatwa pembeni.

Lean alifariki mjini London tarehe 16 Aprili 1991, akiwa katika maandalizi ya kuigeuza *Nostromo*, riwaya ya Joseph Conrad, kuwa filamu. Hakuiona DVD, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1996, wala runinga pana zilizofuata. *Lawrence of Arabia* ilitolewa katika DVD mwaka 2001, lakini DVD ya mfumo wa PAL ina pikseli 720 kwa 576 tu, kiwango kisichoweza kubeba yaliyomo katika negativu ya milimita 65. Kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 50 mwaka 2012, kampuni ya Sony ilichanganua negativu hiyo kwa kiwango cha juu sana cha dijitali, maarufu kama 8K. Uchanganuzi ulifichua nyufa nyembamba nyingi katika tabaka la kemikali zinazobeba picha, na ikadhihirika kwamba joto la jangwa lilichangia kuziumba. Nyufa hizo zilijazwa kwa kutumia tarakilishi. Mwaka huo filamu ikatoka katika Blu-ray yenye pikseli 1920 kwa 1080, na mwaka 2020 ikatoka katika diski za 4K zenye pikseli 3840 kwa 2160. Katika matoleo haya nukta ya kisimani imerudi mahali pake, na sauti imerudi kuuzunguka usikivu wa mtazamaji aliye na vifaa vinavyofaa.

Maisha ya Lean yana funzo kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Mhariri wa tenzi za kale hathubutu kutoa hukumu juu ya ubeti kabla ya kulinganisha miswada, kwa kuwa anajua mnakili anaweza kuacha mshororo au kubadilisha neno. Filamu nayo ni matini inayonakiliwa, na kila nakala ina mnakili wake. Anayeandika juu ya mandhari, taharuki au muziki katika filamu ya kiepiki hana budi kutaja ni toleo lipi alilolitazama, lina urefu gani, umbo gani na sauti ya namna gani. Vinginevyo anaweza kumlaumu mtunzi kwa kosa la kanda, au kukosa kuiona dhamira yenyewe kwa sababu ilikuwa katika ile sehemu ya picha iliyokatwa.