Padri Damien: Alienda kwa zamu, akabaki maisha yote

RAFIKI akilazwa hospitalini, siku ya kwanza simu yake haipumziki. Jumbe za pole zinamiminika, kila mtu anaahidi kumwombea. Mwezi ukiisha, ni nani bado anaenda kumwona?

Padri Damien alikuwa mtu wa kuendelea kwenda, hadi ikafika siku hakuweza tena kuondoka.

Alizaliwa Januari 3, 1840, katika kijiji cha Tremelo, Ubelgiji, akaitwa Jozef De Veuster. Babake alitaka aingie kwenye biashara, lakini kijana akamfuata kakake utawani. Kakake ndiye aliyepangiwa kwenda Hawaii kama mmisionari. Alipougua, Damien akaomba kuchukua nafasi yake, na hata upadri hakuwa ameupata! Alifika Honolulu Machi 1864, akapewa daraja la upadri miezi miwili baadaye.

Hawaii ilikuwa bado ufalme, na ukoma ulikuwa unaenea. Haukuwa na tiba. Sheria ya 1865 iliamuru wagonjwa watengwe, na kuanzia 1866 wakawa wanapelekwa kwenye rasi moja ya kisiwa cha Molokai. Mbele ni bahari, nyuma ni jabali refu lililosimama wima. Hebu fikiria: unatolewa kwa mume, mke au watoto, unapakiwa melini, na kwenu hurudi tena.

Askofu alitafuta padri wa kuwahudumia. Wanne wakajitolea kupokezana zamu. Damien alikuwa wa kwanza kwenda, Mei 10, 1873, akiwa na miaka 33. Muda si muda akaomba abaki huko huko.

Usiku wa kwanza alilala chini ya mti. Kusema kweli, mwanzoni harufu ya vidonda ilimshinda, akawa anavuta kiko ili avumilie. Lakini aliingia nyumba hadi nyumba, akafunga vidonda, akala nduma zilizopondwa kutoka bakuli moja na wagonjwa. Alikuwa fundi pia: alijenga nyumba, akasaidia kuleta maji ya mfereji, akapanua kanisa, akaunda majeneza na kuchimba makaburi kwa mikono yake.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkaidi, mwepesi wa hasira, na aligombana na wakubwa wake kila alipoona wagonjwa wake wamesahaulika.

Upweke nao ulimuuma. Siku moja mkubwa wake alipita na meli, lakini akakatazwa kushuka. Damien, aliyetaka sana kuungama, akaenda kwa mashua hadi ubavuni mwa meli na kutaja dhambi zake kwa sauti, padri mwenzake akiwa juu kwenye sitaha.

Katika mahubiri yake, tangu mwanzo alijihesabu kuwa mmoja wa wenye ukoma. Miaka 11 baadaye ikawa kweli. Desemba 1884 alitia miguu kwenye maji moto sana, ngozi ikababuka, na hakuhisi maumivu yoyote. Alijua papo hapo maana yake ni nini. Akarudi kazini. Alifariki Aprili 15, 1889, akiwa na miaka 49, akazikwa kati ya watu wake. Mwaka wa 2009 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Leo ukoma unatibika kwa vidonge. Damien hakuwa navyo, na katika miaka 16 hakuponya ukoma wa mtu hata mmoja. Lakini mgonjwa wake alijua kuna mtu atabisha hodi kesho, atakaa naye, na siku ikifika atamzika kwa heshima.

Kwa hivyo, kama umekuwa ukiogopa kwenda kumwona yule rafiki kwa sababu hujui utamwambia nini, nenda tu. Vuta kiti, keti. Halafu wiki ijayo, rudi.