Regyuleta ya bei nafuu na funzo la maisha ya Cousteau

Jamaa zangu wa Amalemba, mjini Kakamega, bado hawaamini kwamba mtu wa bara anaweza kutafuta riziki chini ya bahari. Mimi huwaongoza wapiga mbizi hapa Diani, na swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana, wa bara na wa pwani, halihusu papa wala kasa. Wanataka kujua wanunue regyuleta gani isiyowamaliza mfuko.

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kijana anayefanya kazi hotelini na anayetaka kuwa kiongozi wa wapiga mbizi hawezi kuazima vifaa maisha yake yote. Akiba yake ni ya miezi mingi, na kifaa chenyewe ndicho kitakachompa pumzi akiwa mita 18 chini ya maji. Jibu langu huanza na maisha ya Jacques-Yves Cousteau, Mfaransa aliyeshiriki kukibuni. Wengi wanamkumbuka kwa filamu zake na kofia yake nyekundu. Wachache wanajua kwamba regyuleta yake ilizaliwa kutokana na kifaa cha gari, wakati wa dhiki ya vita.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Utotoni aliuguaugua. Mwaka wa 1930 alijiunga na chuo cha jeshi la wanamaji, na nia yake ilikuwa kuwa rubani. Mwaka wa 1936 ajali ya gari ilimvunja mikono yote miwili, na ndoto ya kurusha ndege ikaishia hapo. Akawa anaogelea katika bahari ya Mediterania, karibu na Toulon, ili mikono ipate nguvu tena. Afisa mwenzake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya kuogelea. Alipotia uso majini na kuona vizuri kilichokuwa chini, akajua kazi yake itakuwa nini. Mwaka uliofuata alimwoa Simone Melchior, ambaye babake alifanya kazi katika kampuni ya gesi ya Air Liquide. Uhusiano huo ungemfaa sana miaka michache baadaye.

Shida iliyobaki ilikuwa pumzi. Wapiga mbizi wa zama zile walivaa kofia nzito za shaba na kupelekewa hewa kwa bomba kutoka juu. Mfaransa mwingine, Yves Le Prieur, alikuwa ametengeneza mtungi wa kubeba, lakini hewa yake ilitiririka tu, mtu akivuta pumzi asivute, hivyo ikaisha upesi. Cousteau alijaribu oksijeni tupu. Mara mbili mwili wake ulishikwa na degedege chini ya maji akanusurika kufa, kwa sababu oksijeni tupu hugeuka sumu mtu akishuka hata mita chache. Alichohitaji ni hewa ya kawaida, inayokuja tu anapovuta pumzi, na yenye presha sawa na ya maji yaliyomzunguka.

Hapo nawarudisha Kakamega kidogo. Kwetu kuna Rosterman, palipokuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu enzi za ukoloni, na watu wanaendelea kuchimba kwa mikono hadi leo. Sisi tuliokulia mji ule tunaijua hofu ya shimo: hewa ikichafuka, aliye chini huenda asitoke. Hofu ya namna hiyo ndiyo iliyomsukuma mhandisi wa migodi wa Ufaransa, Benoît Rouquayrol, kubuni mwaka wa 1860 chombo cha kumpa mtu hewa kila anapovuta pumzi. Afisa wa wanamaji, Auguste Denayrouze, alishirikiana naye kukifanya kifae majini. Wazo lilikuwa sahihi, ila mitungi ya wakati ule haikuweza kubeba hewa nyingi, na kwa miaka mingi halikwenda mbali.

Lilifufuliwa na uhaba wa petroli. Desemba 1942 Ufaransa ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, mafuta yamechukuliwa, na magari yakiendeshwa kwa gesi. Émile Gagnan, mhandisi wa Air Liquide mjini Paris, alikuwa ametengeneza vali ndogo ya kuipa injini gesi kadiri inavyohitaji. Cousteau alifika kwake akitafuta kitu cha kuyapa mapafu hewa kadiri yanavyohitaji. Kazi ilikuwa ile ile.

Mapema mwaka wa 1943 walikijaribu chombo chao katika mto Marne. Cousteau akilala kifudifudi, hewa ilikuja vizuri. Akisimama wima, ilifumka na kupotea. Akiinamisha kichwa chini, ilikuwa vigumu kuivuta. Wangeweza kukata tamaa au kutafuta vali ya gharama kubwa zaidi. Badala yake walikaa wakafikiri, wakagundua kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na kiwambo cha kupokea hewa, kwa hiyo maji yalivisukuma kwa presha tofauti. Wakaliweka tundu karibu na kiwambo, basi. Juni mwaka huo Cousteau alishuka baharini karibu na Bandol, Simone akielea juu na kumwangalia, naye akageuka kila upande apendavyo bila pumzi kukatika.

Vijana wangu, zingatieni hapo. Kifaa kilipona kwa kueleweka. Regyuleta ya leo inafuata kanuni ile ile, na aliye na mtungi wa gesi jikoni amekwisha kuona jamaa yake. Hatua ya kwanza hufungwa kwenye mtungi na kushusha presha kutoka baa 200 hivi hadi baa 10 hivi juu ya presha ya maji. Hatua ya pili iko mdomoni. Ukivuta pumzi, kiwambo cha mpira kinabonyea ndani, kinasukuma wenzo mdogo, vali inafunguka. Ukiacha, inafunga. Chombo cha Cousteau na Gagnan kiliweka yote mgongoni na kuleta hewa kwa mabomba mawili mapana. Mwaka wa 1952 Ted Eldred wa Melbourne, Australia, alianza kuuza regyuleta ya bomba moja, na hiyo ndiyo sura tunayoijua sote.

Kwa sababu kanuni ni nyepesi, regyuleta ya bei ya chini kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana si takataka. Ya chini kabisa huwa na pistoni isiyosawazishwa. Ina vipande vichache na fundi huifungua kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba mtungi ukikaribia kuisha, au ukishuka sana, kuvuta hewa kunakuwa kuzito kidogo. Kwa mbizi za burudani za mita 18 au 20, hilo si tatizo. Iliyosawazishwa hutoa hewa kwa wepesi ule ule mwanzo hadi mwisho, na kama una fedha, hapo ndipo pa kuongeza. Usilipie kinga ya maji ya barafu. Bahari yetu ina joto mwaka mzima.

Kabla ya kulipa, tazama mambo manne. Kwanza, je, inaingia kwenye mitungi ya pale unapofanya kazi? Zipo zinazobana shingo ya mtungi kama jiriwa ya seremala, na zipo zinazoingia kwa kukazwa kama skrubu. Pili, je, imepigwa alama ya EN 250, kiwango cha Ulaya cha vifaa hivi? Tatu, je, bei imejumlisha hatua ya pili ya akiba na saa ya kupima presha, au utavinunua kando? Nne, na hili ndilo kubwa, je, yuko fundi aliyefunzwa hapa pwani anayeweza kuifungua, na vipuri vyake vinapatikana? Regyuleta nzuri isiyo na vipuri ni pambo. Ya mtumba nayo, jumlisha gharama ya sevisi kwenye bei kabla ya kufurahia. Mipira ya kuzibia hewa huchoka hata ikikaa kabatini. Kisha kila siku, baada ya kazi, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi huku kifuniko cha hatua ya kwanza kimekauka na kufungwa. Chumvi imeua regyuleta nyingi kuliko uchakavu.

Sasa turudi kwa Cousteau, maana maisha yake yana onyo pia. Mwaka wa 1947 yeye na wenzake walitaka kujua chombo chao kinaweza kumfikisha mtu wapi. Maurice Fargues alishuka kando ya kamba akitia sahihi kwenye vibao vilivyofungwa humo. Sahihi yake ilikutwa kwenye kibao cha mita 120. Walipomvuta juu alikuwa hana fahamu, na hakuamka tena. Kilichomwangusha ni kina chenyewe, kwani huko chini hewa ile ile ya kawaida hulewesha akili hadi mtu asijue anachofanya. Hakuna regyuleta, ya bei yoyote, inayoondoa hilo. Ndiyo maana mbizi za burudani zina mpaka wa mita 40, na anayeanza huishia 18. Mwaka wa 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya Likoni na kuzama na mama na bintiye, nchi nzima ilisubiri karibu wiki mbili kabla wapiga mbizi kuwatoa. Mkondo, giza na kina havinunuliki kwa vifaa.

Cousteau aliendelea. Mwaka wa 1950 alipata meli ya Calypso, iliyokuwa ya kuondoa mabomu ya baharini. Mwaka wa 1954 ilifanya kazi Ghuba, ikichunguza sakafu ya bahari ya Abu Dhabi kwa ajili ya watafutaji wa mafuta. Filamu yake iliyotoka mwaka wa 1956, ambayo sehemu yake ilipigwa katika hii Bahari yetu ya Hindi, ilishinda tuzo kuu ya Cannes na kisha Oscar. Ukiitazama leo utaona mabaharia wake wakilipua mwamba kwa baruti ili kuhesabu samaki, na kuwaua papa kwa hasira. Hakuwa malaika. Lakini alibadilika. Mwaka wa 1960 alipinga hadharani mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Mediterania, na mwaka wa 1973 alianzisha shirika la kutetea bahari. Kwetu, Malindi na Watamu zilikuwa zimetengwa kuwa hifadhi za baharini tangu 1968.

Uzee wake ulikuwa na machungu. Mwanawe Philippe alikufa katika ajali ya ndege ya majini nchini Ureno mwaka wa 1979. Simone, aliyeishi ndani ya Calypso muda mrefu kuliko mumewe, alifariki mwaka wa 1990. Calypso yenyewe iligongwa ikazama bandarini Singapore mwaka wa 1996. Cousteau alifariki Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na miaka 87, akazikwa alikozaliwa. Gagnan, aliyekuwa amehamia Kanada, alitangulia mwaka wa 1984, na nje ya kazi yetu ni wachache wanaolijua jina lake.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayehesabu akiba yako, nunua ile rahisi ambayo fundi wa hapa anaijua, na fedha zinazobaki weka za mafunzo na za sevisi ya kila mwaka. Ukishaipata, usikimbilie miamba ya nje siku ya kwanza. Ijaribu kwenye bwawa la kuogelea mbele ya mwalimu wako: lala, simama, inama kichwa chini, vuta pumzi kila upande. Cousteau alianza mtoni kabla ya kwenda baharini, na kasoro aliiona huko huko mtoni.